Uhai wa kanisa haumo katika vipaza sauti

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wazi: anayehitaji msaada hasailiwi, hupewa. Hata hivyo, methali hii inachukulia kwamba jambo moja limekwisha kutendeka, nalo ni kuwa yupo mtu anayejua kwamba fulani ni mgonjwa. Asipokuwapo mtu huyo, uji hupoa jikoni huku mgonjwa akishinda na njaa chumba cha pili.

Nayasema haya kwa sababu ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiabudu katika kanisa la Kimethodisti ninakosali, katika mji ambao sitautaja. Kila Jumapili aliketi benchi ya tatu upande wa dirishani, mwavuli wake mweusi umeegemezwa ukutani hata wakati wa kiangazi. Nami nilikaa benchi ya nyuma yake. Nilikuwa nikimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye hunijibu, "Marahaba, Daktari," kwa tabasamu ambalo sikujua kama lilikuwa la heshima au la mzaha. Jumapili moja sikumwona, nikadhani amesafiri. Jumapili ya pili nikadhani bado yuko safarini. Zikapita Jumapili saba. Ya nane, wakati wa matangazo, katibu alisoma jina la marehemu, nami nikamgeukia jirani yangu nikamwuliza ni nani huyo. Hivyo ndivyo nilivyopata kulijua jina la mtu niliyemwamkia kwa miaka minne.

Mchango wa mazishi ulikamilika kwa siku mbili. Jeneza lilikuwa zuri, kwaya ilivaa sare, mabasi mawili yalijaa. Ndipo binti yake aliposimama kutushukuru, akaeleza kwamba babake aliugua nyumbani wiki saba, na kila Jumapili alasiri aliomba kiti chake kiwekwe barazani, maana watu wa kanisa huenda wakapita. Aliyatamka hayo pasi na lawama yoyote, na ndiyo maana yalituchoma. Tulimchangia maiti; mgonjwa hatukumjulia hali. Tena katika wiki zizo hizo saba tulikuwa tumezindua vipaza sauti vipya, na taarifa iliyosomwa mbele yetu ilisema kwamba kanisa letu linakua na lina uhai tele.

Uhai ni nini basi? Swali hili si geni katika taaluma yangu. Sisi wanaisimu tunapochunguza kama lugha ina uhai au inakufa, hatuanzi kwa kuwahesabu wasemaji wake. Mwaka 2003, jopo la wataalamu lililoundwa na UNESCO lilitoa mwongozo wenye vigezo tisa vya kupimia uhai wa lugha, na kilichotajwa kwanza si idadi ya wasemaji bali ni urithishaji: je, wazazi wanaipokeza lugha hiyo kwa watoto wao? Lugha yenye wasemaji laki kadhaa ambayo hakuna mtoto anayeisema imo hatarini. Lugha yenye wasemaji elfu chache ambayo watoto huchezea na kugombania uwanjani ina kesho yake.

Tukikichukua kigezo hicho na kukipeleka kanisani, hesabu zetu zitabadilika. Hatutauliza tena ni watu wangapi waliojaza benchi Jumapili iliyopita. Tutauliza ni nani anayemfundisha nani kuomba, ni nani anayemjua nani kwa jina, na kijana wa miaka kumi na minane ana kazi gani kanisani mbali na kupanga viti.

Inafaa Wamethodisti wakumbuke kwamba wao, zaidi ya Wakristo wengi, walizaliwa kutokana na swali hili. John Wesley, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa mwaka 1703, alianza kuhubiri nje mwaka 1739 karibu na mji wa Bristol, Uingereza, ambako wachimbaji wa makaa ya mawe walimsikiliza kwa maelfu. Lakini Wesley alitambua upesi kwamba umati hauna kumbukumbu. Waliolia kwa toba leo walikuwa wamesahau mwezi ujao. Dawa yake ilipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mnamo Februari 1742, waumini wa Bristol walikutana kujadili deni la jengo lao la ibada. Mtu mmoja akapendekeza kila mshiriki atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akapinga kwamba wapo maskini wasioweza. Yule wa kwanza akajibu kwamba apewe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawatembelea kila wiki, na asiyekuwa na kitu atamlipia yeye mwenyewe.

Basi wakagawanywa katika makundi ya watu wapatao kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wake asiye kasisi. Viongozi hao walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakikusanya peni, walikuta mambo ambayo hayaonekani kutoka mimbarani: wagonjwa, ugomvi wa ndoa, ulevi, njaa. Wesley akaona kwamba kile alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu kimejileta chenyewe. Kundi hilo likaitwa darasa, na baadaye likawa linakutana mahali pamoja kila wiki, ili kila mmoja aeleze hali ya roho yake na wenzake wamtie moyo au wamwonye.

Tazama ajabu ya historia. Darasa lilianza kama njia ya kulipa deni, likageuka malezi. Kwetu sisi, katika makanisa mengi ya mijini, mambo yamekwenda kinyume. Tulirithi malezi, tumeyageuza deni. Makundi tunayo, lakini kikao kinafunguliwa kwa sala ya dakika mbili na kufungwa kwa orodha ya michango: wa jengo, wa harusi, wa gari la mchungaji, wa vipaza sauti. Asiye na fedha hujua la kufanya. Hukaa nyumbani.

Mimi nililelewa pwani, katika kanisa dogo la Kimethodisti lenye paa la mabati, na nyanya yangu alikuwa kiongozi wa darasa. Hakujua kusoma sawasawa. Daftari lake lilikuwa lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, nililomkabidhi baada ya kuandika kurasa tatu za mbele. Majina kumi na mawili niliyaandika mimi. Alama alizitia yeye. Kijistari kilimaanisha amekuja. Duara lilimaanisha hakuja. Duara lenye nukta katikati lilimaanisha hakuja, na nimekwenda kumwona. Nakumbuka kwamba alichukia sana kuona duara tupu likilala usiku mbili. Alfajiri ya pili yake tungekuwa njiani, yeye mbele na kanga mabegani, mimi nyuma na kikapu cha mihogo au nazi. Aliketi, akauliza habari, akasikiliza, akaomba kwa maneno machache, tukarudi. Nyumba moja tulikwenda mara tano, kwa sababu mawifi wawili walikuwa hawasemezani juu ya mnazi wa mpakani. Mara ya sita walikuja darasani pamoja.

Walimu wanaosoma safu hii wanaifahamu kazi hiyo. Ni kazi ya rejesta. Kila asubuhi mwalimu huita majina, si ili aijue jumla, maana jumla angeipata kwa kuhesabu vichwa. Huita majina ili amjue aliyekosekana. Shule yenye wanafunzi elfu moja ambayo haiiti majina itajivunia elfu yake hata siku ambayo mtoto mmoja yuko mtaani akiomba. Kanisa letu lilikuwa shule ya aina hiyo wiki saba zile.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Waingereza peke yao. Umethodisti uliingia nchini mwaka 1862, Thomas Wakefield alipoanzisha misheni huko Ribe, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, akisaidiwa na Johann Ludwig Krapf, yule yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882 baada ya kufa kwake. Rebecca, mkewe Wakefield, alizikwa huko Ribe mwaka 1873. Charles New, mwenzake, alifariki mwaka 1875. Kwa miongo mingi misheni ile ilikuwa na wazungu wachache mno, tena wengi wao wagonjwa. Lau uhai wa kanisa ungetegemea makasisi, Ribe ingekuwa magofu. Kilichodumisha imani kilikuwa ni jumuiya ndogo ya Wamijikenda na ya watu waliokuwa wametoroka utumwa, watu ambao tayari walijua kwamba mtu asiye na wa kumuulizia amekwisha kupotea. Kanisa la Methodisti nchini Kenya lilipopata kujitawala mwaka 1967, halikuwa likipewa uhai. Lilikuwa linakabidhiwa uhai ambao wenyeji walikuwa wameutunza muda wote huo.

Niruhusiwe sasa kutumia sarufi kidogo. Kiswahili kina kauli nyingi za kitenzi, na kila moja inafichua uhusiano wa aina yake. Yasikilize maneno tunayotumia kueleza ibada zetu za siku hizi: waumini wanahubiriwa, wanaimbiwa, wanaombewa, wanatangaziwa. Hiyo ni kauli ya kutendewa. Mtendaji yuko jukwaani na kipaza sauti. Mtendewa yuko kwenye kiti. Sasa yasikilize maneno yaliyokuwa yakitawala katika darasa la nyanya yangu: kujuliana hali, kuombeana, kuonyana, kutembeleana, kusameheana, kukopeshana. Hiyo ni kauli ya kutendana na kutendeana, ambayo haiwezekani kwa mtu mmoja wala kwa umati. Huhitaji watu wanaoonana uso kwa uso. Mtume Paulo alipowahimiza Wagalatia kubebeana mizigo, hakuwa akihutubia hadhira. Alikuwa akiisemesha jamaa. Imani yangu ni kwamba kanisa lolote linaloishi katika kauli ya kutendewa peke yake, hata likijaza uwanja wa michezo, limo katika orodha ya walio hatarini.

Janga la Korona lilitupa mtihani wa wazi. Mnamo Machi 2020 nyumba za ibada zilifungwa nchini kote, na zilipofunguliwa Julai mwaka huo ziliruhusiwa watu wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja. Jukwaa liliondolewa kwa siku moja. Nilichokiona mimi ni kwamba washiriki waliokuwa na kundi dogo liliokutana kwa dhati waliendelea kupigiana simu, wakagawana unga na kuzikana. Waliokuwa na jukwaa tu walingoja milango ifunguliwe, na baadhi yao hawakurudi.

Hapa nawageukia wanafunzi, hasa wa vyuo vikuu, kwa kuwa nawaona kila siku. Mwanafunzi yule yule ambaye chuoni huongoza sala za alfajiri, huhubiri mbele ya wenzake mia mbili, hutunza hesabu za muungano wao wa Kikristo na kupatanisha waliogombana bwenini, akirudi likizo katika kanisa la wazazi wake hupewa kazi ya kubeba viti. Akiuliza, huambiwa asubiri, vijana ni kanisa la kesho. Kisha tunashangaa anapohamia kanisa jingine mtaa wa pili, ambako alipewa ufunguo wa mlango katika wiki ya tatu. Twasema amefuata ngoma na magitaa. Mara nyingi amefuata kazi. Mtoto hajifunzi lugha kwa kusikiliza tu. Hujifunza kwa kuisema, kukosea, na kusahihishwa na wanaompenda. Imani nayo ni hivyo hivyo.

Tena kuna suala la lugha yenyewe. Katika makanisa yetu ya mijini, watoto hufundishwa Biblia kwa Kiingereza katika chumba cha nyuma huku nyanya zao wakiomba kwa Kiswahili, Kigiriama, Kipokomo au Kimeru katika ukumbi. Siwalaumu walimu wa watoto, ambao hujitolea bila malipo. Lakini mjukuu asiyeweza kuielewa sala ya nyanya yake amenyimwa urithi wakati mwenye mali angali hai. Darasa dogo linalokutana sebuleni, lenye mzee na mtoto ndani yake, lingeweza kulitibu jambo hili bila kamati wala bajeti.

Najua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza ni kwamba watu wa leo hawana nafasi. Wanatoka kazini usiku, msongamano wa magari umewachosha. Ni kweli. Lakini watu hao hao hupata nafasi ya mikutano ya chama na ya kamati za harusi, tena wiki baada ya wiki, kwa sababu wanajua kwamba wasipofika wataulizwa. Pingamizi la pili ni kwamba tayari tuna makundi ya WhatsApp. Nami nimo katika moja, lenye watu zaidi ya mia mbili. Katika wiki saba zile lilileta picha za maua, aya za asubuhi, na nambari za kutumia michango. Chombo si kibaya. Ila chombo hakiwezi kumkosa mtu. Ni mtu tu anayeweza kumkosa mtu.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na silipuuzi. Darasa linaweza kugeuka baraza la udaku. Linaweza kumkalia binti aliyepata mimba, au kumvua nguo hadharani mume aliyefilisika. Nimewahi kuliona hilo. Ndiyo sababu kiongozi wa darasa achaguliwe kwa usiri wake kabla ya ufasaha wake, na ndiyo sababu kundi liwe dogo. Lakini tukumbuke kwamba udaku hustawi mahali ambapo watu wanaonana bila kujuana. Ninayemjua vema namhurumia. Nisiyemjua ndiye ninayemzungumza.

Yako wapi matokeo ya kuyapuuza haya? Waulizeni Wamethodisti wa Uingereza. Walipoungana kuwa kanisa moja mwaka 1932 walikuwa na washiriki zaidi ya 800,000. Kufikia mwaka 2016 walikuwa chini ya 200,000. Sababu ni nyingi, na mwanahistoria mwaminifu hawezi kuibebesha moja mzigo wote. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba mikutano ya madarasa ilikuwa imeanza kudhoofika huko tangu karne ya 19, wakati majengo yalikuwa yangali yakipanuliwa na kinanda kikubwa kikinunuliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao walikuwa wakiupaka rangi ukuta wenye ufa.

Mapendekezo yangu ni machache, wala hayahitaji harambee. Kwanza, kila mshiriki awe katika darasa la watu wasiozidi kumi na wawili wanaokaa karibu, na kila darasa liwe na kiongozi mmoja mzee na msaidizi mmoja kijana, ili kazi ipokezwe kabla mwenye kuijua hajaondoka. Pili, fedha zisitajwe kabisa katika kikao cha darasa. Zitafutiwe mahali pengine. Tatu, swali la kwanza la kila kikao liwe ni nani hayupo, na ni nani atakayekwenda. Nne, mchungaji anapotoa taarifa yake ya mwaka, pamoja na idadi ya waliobatizwa na kiasi cha sadaka, aeleze pia ni wagonjwa wangapi waliotembelewa na ni vijana wangapi waliohubiri. Tunachokihesabu ndicho tunachokithamini. Kwa walimu walio washiriki, ombi langu ni moja: ujuzi wa rejesta mnao tayari. Ulileteeni kanisa.

Sitaki kumhukumu mtu mwingine yeyote. Katibu alisoma jina ambalo mimi, niliyekaa benchi moja nyuma, sikulijua. Kwa hiyo nimenunua daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na nimeanza kuandika majina ya watu wanaokaa karibu nami. Nimefikisha kumi na moja. Wa kumi na mbili ni kijana anayepiga kinanda, ambaye Jumapili iliyopita hakuonekana. Jina lake silijui bado. Nimemwuliza jirani yake anakokaa, na kesho jioni, baada ya mihadhara, nitakwenda.